Mkojo Unaochoma Si Mkojo Wenye Asidi

Maneno haya niliyasema mbele ya mkutano wa kina mama, walezi wa wagonjwa na wahudumu wa afya. Waliokosa kufika wameyaomba yote, nami nayaweka hapa kama yalivyotoka, ila picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, vijana, habari za asubuhi.

Mimi ni mtu wa maabara. Kila siku ya kazi, vikopo vya kwanza kufika mezani kwangu ni vya mkojo, na vya mwisho pia ni vya mkojo. Najua si maongezi ya mbele za watu. Leo lakini naomba tuyaongee bila haya, kwa sababu haya hiyo hiyo nimeiona ikiwafikisha watu wodini na homa ya kutetemeka.

Nianze na swali. Mkojo ukikuchoma, unadhani kinachochoma ni nini?

Nasikia huku mbele: asidi. Wanaokubaliana naye wanyooshe mikono. Naona mikono mingi, hata ya wahudumu wenzangu.

Ndugu zangu, si asidi. Narudia kwa sababu hili ndilo lililonileta: si asidi. Vimelea wakiingia kibofuni, wanaung'ang'ania utando wa ndani. Mwili unapigana nao, utando unavimba, unakuwa mwekundu, mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kuhisi. Hapo hata mkojo wa kawaida kabisa ukipita, unachoma. Ukiwa na kidonda mdomoni, maji ya chumvi kidogo tu yanakutoa machozi. Je, tatizo ni maji au kidonda?

Kuna mama mmoja sitamsahau. Alikuja kwenye dirisha letu la maabara akiwa na uhakika wa kila kitu. Aliniambia, "Mwanangu, mkojo wangu una asidi nyingi, nipimie tu unipe namba." Kwa muda wa wiki nzima alikuwa anakunywa bikaboneti ya sodiamu, unga ule mweupe wa kuumulia keki, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Nikachovya kijiti cha kupimia, chenye viraka vinavyobadilika rangi. Kile kiraka cha pH, yaani namba ya asidi, kikatoka rangi ya chungwa, kikapita kijani, kikaishia buluu. Namba ilikuwa 8. Akafurahi! Akasema, "Unaona? Asidi imeisha."

Asidi ilikuwa imeisha kweli. Ugonjwa ulikuwa palepale. Kiraka cha chembe nyeupe za damu kilikuwa zambarau, kiraka cha naitraiti, kitu kinachotengenezwa na vimelea wengi wa mkojo, kilikuwa waridi, na tulipouotesha mkojo wake kwenye sahani ya maabara ili vimelea wakue, bakteria wanaoitwa E. koli wakajaa. Wakati majibu yanatoka alikuwa ameshaanza kutapika, ana homa, na mgongo unamuuma chini ya mbavu upande wa kulia. Vimelea walikuwa wamepanda kutoka kibofuni hadi kwenye figo. Wiki nzima aliitumia kuitibu namba. Wiki nzima!

Sasa tuijue hiyo namba yenyewe ni kitu gani. Mwaka 1909 mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitafuta njia nyepesi ya kuandika ukali wa asidi. Akaja na kipimo cha pH. Saba ni katikati. Chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni alkali. Na hapa ndipo watu wengi wanapotelezea: kila hatua moja ni mara kumi. Mkojo wenye pH ya 6 na mkojo wenye pH ya 8 haujatofautiana kidogo, umetofautiana mara mia.

Mkojo wa mtu mzima mwenye afya unacheza kati ya 4.5 na 8, na mara nyingi uko karibu na 6. Maana yake, mkojo mzuri kwa kawaida una asidi kidogo. Umeumbwa hivyo. Chakula tunachokula na mwili unavyofanya kazi vinaacha asidi, na figo zina kazi ya kuitoa nje. Mkojo wa alfajiri huwa na asidi zaidi. Ukishakula, mkojo unapanda kwa muda, yaani namba inakwenda juu na asidi inapungua. Nyama nyingi inaushusha, mboga na matunda vinaupandisha. Ukitapika sana, unapanda. Kisukari kikivurugika, unashuka. Na limau, ambalo mdomoni ni chachu hadi meno yanakufa ganzi, mwilini sitreti yake inageuzwa bikaboneti na mkojo unapanda badala ya kushuka. Kwa hiyo anayekuambia "acha limau, linaongeza asidi kwenye mkojo" hajakosea kidogo, amekosea upande mzima.

Je, UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inaubadilisha mkojo kuwa wa asidi au wa alkali?

Jibu ni kwamba inategemea nani ameingia. Na mara nyingi aliyeingia ni E. koli. Kwa mwanamke ambaye hana tatizo lingine lolote, karibu robo tatu ya maambukizi ya kibofu, na hata zaidi, husababishwa na huyu. Anakaa utumbo mkubwa, na safari yake ni fupi, kwa kuwa mrija wa kutolea mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimeta 4 hivi, wakati wa mwanamume unafika karibu 20. Sasa E. koli kwa kawaida hana silaha ya kubadilisha pH ya mkojo. Anaweza kukuchoma, kukutoa damu, kukuamsha mara saba usiku, na pH ikabaki 6 kama ya mtu mzima wa afya. Mkisikia mtu anasema "pH yangu iko sawa, basi sina UTI," mkumbukeni E. koli.

Yuko mwingine lakini. Huyu ndiye ninayetaka mumjue kwa jina: bakteria Proteasi (Proteus). Wako na wenzake, baadhi ya Klebisiela, Stafilokokasi saprofitikasi ambaye huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, na wengine wachache. Hawa wanabeba kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali, kinachoitwa yureasi.

Naomba niwape kisa cha hiki kimeng'enya, kwa sababu nakipenda. Kuna kijana wa Kimarekani aliyeitwa James Sumner. Akiwa na miaka 17, alipigwa risasi kwa bahati mbaya akiwa mawindoni, mkono wake wa kushoto ukakatwa. Naye alikuwa anatumia mkono wa kushoto! Akajifunza upya kila kitu kwa mkono wa kulia. Alipotaka kusomea kemia, mwalimu mkubwa alimshauri aende akasome sheria, kwamba mtu wa mkono mmoja hawezi kufanikiwa kwenye kemia. Sumner hakwenda. Mwaka 1917 akaanza kuitafuta yureasi ndani ya aina fulani ya maharage, na miaka tisa ilipita watu wakimwona anapoteza wakati. Mwaka 1926 akaipata, safi, imeganda kama chembe za fuwele. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza duniani kupatikana katika hali hiyo, na kilionyesha kwamba kimeng'enya ni protini. Mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na wenzake wawili.

Kitu hicho hicho alichokitafuta Sumner kwenye maharage, Proteasi anatembea nacho mfukoni. Kinafanya nini? Mkojo wetu una yurea, yale mabaki ya protini, gramu 20 hadi 30 kwa siku kwa mtu mzima. Yureasi inaivunja. Kila yurea moja inatoa amonia mbili na kaboni dayoksaidi. Amonia inanyakua asidi iliyomo kwenye mkojo. Asidi inapungua, inapungua, namba inapanda, 7, 8, hata zaidi ya 8.

Mnaona sasa? UTI inayobadilisha mkojo kwa nguvu kuliko zote haileti asidi. Inaiondoa.

Na ikishaiondoa, balaa linaanza. Kwenye mkojo wa asidi kidogo, magnesiamu, fosfeti na amonia huelea zikiwa zimeyeyuka. Mkojo ukiwa wa alkali, vitu hivyo vinashikana na kuganda. Chini ya hadubini naviona kama vifuniko vya jeneza. Samahani kwa mfano huo, lakini ndivyo tunavyofundishwa kuvitambua na ndivyo vilivyo: vipande virefu, angavu, vyenye kingo zilizokatwa mshazari. Madini hayo yanaitwa struvaiti. Yakikusanyika ndani ya figo yanakua yakifuata vyumba vyake, yanatoa matawi, mpaka jiwe linafanana na pembe za kulungu. Vimelea wanajificha ndani ya jiwe lenyewe. Dawa inawaua walio nje, walio ndani wanasubiri.

Nilimfahamu mzee mmoja aliyewekewa mpira wa mkojo kwa sababu ya tezi dume. Mpira wake ulikuwa unaziba. Unabadilishwa leo, baada ya siku nne tano mkojo hautoki, tumbo limejaa, mzee anatokwa jasho kwa maumivu. Binti yake ndiye aliyekuwa anamuuguza, na kila ukiziba alilaumiwa yeye. Ati hasafishi vizuri. Ati hampi baba yake maji. Binti alilia mbele yangu. Aliniletea kopo la mkojo, na nilipofungua kifuniko harufu ya amonia ilipanda puani hadi macho yakawasha. Kijiti kikawa buluu iliyoiva. Nikaomba waulete ule mpira uliotolewa siku hiyo. Ncha yake ilikuwa na ukoko mweupe mweupe, mgumu, ukiugusa kwa kibano unakwaruza kama mchanga. Tukaotesha: Proteasi. Picha ya eksirei ikaonyesha jiwe kwenye figo ya kushoto.

Binti yule hakuwa na kosa hata moja. Na dalili ilikuwa wazi kwenye kijiti tangu mpira wa kwanza ulipoziba. Namba hiyo iliandikwa kwenye fomu mara tatu na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Nitamrudia mzee huyu.

Kwa hiyo pH ina faida? Ina faida kubwa, ukijua inakuambia nini. Mtu mwenye dalili za UTI, tena inayorudi rudi, na kila ukipima mkojo mbichi namba iko 8 na kuendelea, huyo aoteshwe mkojo, na aangaliwe kama ana jiwe. Lakini namba peke yake, bila dalili, bila chembe nyeupe, haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Huenda kala mboga tu.

Nimesema mkojo mbichi. Hapo niseme kosa langu mwenyewe, maana limenifundisha. Nikiwa bado mgeni kazini, kopo moja la msichana lilibaki kwenye sinia karibu na dirisha la jua, tangu asubuhi hadi jioni. Nililipima jioni. pH 9, bakteria wamejaa. Nikaandika majibu kama yalivyo. Msichana yule, aliyekuja kwa uchunguzi wa kawaida tu, akapewa antibiotiki za siku saba. Akaharisha karibu siku zote hizo. Aliporudi tukapima mkojo wake papo hapo, pH 6, safi kama maji ya kisima. Alikuwa hajawahi kuumwa. Vimelea wachache wa ngozini waliodondokea kwenye kopo walizaliana kwenye joto, wakavunja yurea, wakapandisha namba. Ugonjwa ulikuwa kwenye kopo.

Kwa hiyo nawaomba sana. Kojoa kidogo kwanza chooni, kinga mkojo wa katikati, funika, ulete mara moja. Ndani ya saa 2 uwe umepimwa. Isipowezekana, uwekwe kwenye friji. Na mhudumu akikuambia mkojo wako umekaa sana, lete mwingine, usimkasirikie. Anakuokoa.

Tuje kwenye kujitibu. Wako wanaotaka kuutoa mkojo asidi, wako wanaotaka kuuongeza asidi. Wote nawaambia, taratibu. Nitrofurantoini, dawa ambayo wengi wenu mmewahi kuandikiwa kwa UTI ya kibofu, inafanya kazi vizuri zaidi mkojo ukiwa na asidi. Ukinywa dawa hiyo huku unakunywa unga wa bikaboneti kutuliza mchomo, unaivunja nguvu dawa yako mwenyewe. Halafu, dawa hiyo hiyo haimwezi Proteasi kabisa, kwa asili yake. Ndiyo maana kujua nani ameingia si anasa. Na ile sodiamu ndani ya bikaboneti, mwenye presha au moyo dhaifu inamdhuru.

Upande wa pili kuna vitamini C na juisi ya kranberi. Watu wanasema zinaongeza asidi na kuua vimelea. Vitamini C haishushi pH ya mkojo kwa kiasi cha kutegemewa. Kranberi, kwa kadiri inavyosaidia baadhi ya wanawake wasipate maambukizi tena, inasaidia kwa kuwazuia E. koli kung'ang'ania ukuta wa kibofu. Asidi haihusiki. Tena ni ya kuzuia, si ya kutibu uliyenayo tayari.

Iko dawa moja ambayo kweli inategemea asidi ya mkojo, methenamini. Ikiwa kwenye mkojo wa asidi, inavunjika na kutoa fomaldehaidi, na hiyo ndiyo inayowaua vimelea. Mkojo ukiwa wa alkali, imelala tu. Mwaka 2022 Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wa wanawake 240 wenye UTI za kurudia rudia, wakaona methenamini kwa kuzuia haikuachwa mbali na antibiotiki za kila siku. Ni habari njema, kwa sababu usugu wa dawa unatutisha kila tunapofungua sahani zetu za kuoteshea. Lakini ni dawa ya daktari. Msiende kuinunua kwa sababu mmenisikia hapa.

Kinachoweza kuanza leo bila karatasi ya daktari ni maji. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa wanawake 140 waliokuwa wakinywa chini ya lita moja na nusu kwa siku na wakipata UTI mara kwa mara. Nusu yao waliongeza lita 1.5 kila siku. Kwa mwaka mmoja, walioongeza maji walipata UTI kwa wastani mara 1.7, wengine mara 3.2. Maji! Aliyekatazwa maji mengi na daktari kwa ajili ya moyo au figo, huyo afuate daktari wake.

Kina mama mliokoma hedhi, hili ni lenu, na naliweka karibu na moyo wangu kwa kuwa mama yangu aliteseka nalo kimya miaka mingi. Mahali ambapo asidi inamlinda mwanamke ni mlangoni, ukeni, kabla ya kibofu. Kuna bakteria wema pale, laktobasilasi, wanaotengeneza asidi ya laktiki na kuishikilia pH kati ya 3.8 na 4.5. E. koli hapapendi hapo. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka, walinzi wanaondoka, pH inapanda, na E. koli anajenga nyumba jirani kabisa na mrija wa mkojo. Mwaka 1993 ulitoka utafiti wa wanawake 93 waliokoma hedhi. Waliopaka krimu ya estrojeni ukeni walipata UTI kwa wastani mara 0.5 kwa mwaka. Waliopaka krimu isiyo na dawa, mara 5.9. Walinzi walirudi, asidi ikarudi. Mama yangu, ukiambiwa "ni uzee tu, vumilia," usikubali. Uliza kuhusu krimu hiyo. Na ninyi mabinti mnaojisafisha ndani kwa sabuni na manukato, mnawafukuza walinzi wenyewe kwa mikono yenu. Maji ya kawaida, nje tu, yanatosha.

Kabla sijamaliza, dalili ambazo hazisubiri: homa na kutetemeka, maumivu ya mgongo chini ya mbavu, kutapika, mjamzito mwenye dalili yoyote, mtoto mdogo mwenye homa isiyojulikana chanzo. Hao waende hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito apimwe mkojo hata asipojisikia kitu, maana kwake vimelea walionyamaza hupanda kwenye figo kwa urahisi.

Nilisema nitamrudia mzee. Alipelekwa kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, wakapitisha kifaa mgongoni na kulivunja lile jiwe, wakatoa kila kipande, kwa sababu kikibaki kimoja vimelea wanaanza upya. Akapewa dawa kulingana na majibu ya kuotesha. Miezi miwili baadaye binti alikuja na kopo. Mpira ulikuwa umekaa wiki nne bila kuziba. Nilifungua kifuniko, sikusikia harufu ya amonia. Nikachovya kijiti, nikahesabu sekunde sitini naye amesimama pembeni yangu, kiraka kikabaki rangi ya chungwa hafifu. Nikamwonyesha kwenye chati ya rangi. Akaisoma mwenyewe kwa sauti: "Sita."

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Maswali nayapokea, hata yale mnayoona haya kuyauliza.